Kubuni seti ya roketi kubwa ya maji Tabora: mwongozo kamili, kutoka chupa hadi parachuti

Kwa wapenzi wa roketi wa Marekani, nguvu ya mota hupimwa kwa herufi, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia. Roketi za nguvu kubwa zinaanzia H, yaani nyutoni-sekunde 160 hadi 320 (nguvu ya msukumo mara muda wake), na mtu haruhusiwi kuzinunua mpaka awe na cheti cha NAR au Tripoli, vyama vya wapenzi wa roketi. Tabora mota hizo hazipo dukani. Kuchanganya baruti jikoni kusifikiriwe kabisa, hata kwa majaribio madogo: kunakata vidole, na pia ni kosa la jinai.

Kinachobaki ni maji na upepo, na wala si kitu kidogo. Chupa tatu za soda za lita 2 zilizounganishwa, zikajazwa upepo wenye presha ya bar 5, hutoa takriban nyutoni-sekunde 50. Kwa herufi hiyo ni F, daraja mbili tu chini ya H. Msukumo wa mwanzo hufika nyutoni 370, mara kumi na tano ya uzito wa roketi yenyewe ikiwa na maji. Kwa hiyo kila kitu kinachomsumbua mbunifu wa roketi kubwa kipo hapa pia: uthabiti, mapezi, mlango wa parachuti, kamba ya mshtuko inayoishika parachuti.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kubuni seti, yaani boksi ambalo mwalimu wa klabu ya sayansi Urambo au Nzega atalifungua na kujenga roketi bila kumpigia mtu simu. Kipimo chetu ni kimoja: chochote kinachochakaa au kupotea kiwe kinapatikana kwa fundi pancha, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, au kwa fundi wa kukereza vyuma. Seti inayokwama kwa sababu ya mpira mmoja ambao lazima uagizwe nje haifai, hata kama inapaa vizuri.

Nini kiwemo ndani ya boksi

Kosa la kwanza la wabunifu ni kufungasha chupa. Chupa ni hewa. Zinajaza boksi na kupandisha nauli ya basi bila sababu. Chupa anazo mnunuzi. Ndani ya boksi weka vile ambavyo hawezi kuvitengeneza kwa usahihi:

– boliti 2 za M12, urefu wa milimita 30, zilizotobolewa katikati kwa tundu la milimita 7, vichwa na nati vikiwa vimekerezwa hadi mduara wa milimita 20
– washa 4 za chuma za mduara wa milimita 20, na mipira 8 ya washa iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli
– bomba la chuma la nusu inchi lenye mfereji wa oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji), pamoja na oringi 6
– kebo tai 20 za upana wa milimita 4.8 (vile vifungo ambavyo mafundi umeme hufungia nyaya) na klipu moja ya skrubu ya mpira wa maji
– parachuti iliyokwisha kushonwa, kamba na kizungushio
– patani za karatasi ngumu: za mapezi, mlango na fulana (silinda za plastiki zinazovalishwa juu ya chupa)
– bodi ya kuhesabu muda, seva ndogo (mota inayogeuza mkono mdogo) na kibebeo cha betri

Mnunuzi alete chupa saba za soda za aina moja, pampu ya baiskeli yenye geji, mpira wa upepo wa mita 10 na koki yake, kisu, msasa na solotepu pana. Ukitaka kupunguza bei, bodi na seva ziwe mfuko wa pembeni wa kununuliwa baadaye. Boliti na bomba usiziguse, maana hizo ndizo seti yenyewe.

Chupa ipi, na kwa nini

Tumia chupa ya soda peke yake. Chupa ya maji ya kunywa haikutengenezwa kubeba presha. Kuta zake ni nyembamba na itaachia mapema. Chupa ya juisi yenye mdomo mpana nayo haifai, kwani bomba na kebo tai vimepimwa kwa mdomo wa soda ambao ndani yake una milimita 21.7 hivi.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Midomo ya chupa za soda iko ya aina mbili: ya zamani ndefu na ya sasa fupi. Tofauti yake kutoka ukingoni hadi kwenye ile kola inayozunguka shingo ni kama milimita 4. Kirushio kilichopangwa kwa shingo ndefu hakishiki kola ya shingo fupi. Vichwa vya kebo tai vinakaa hewani, na roketi inachomoka ukiwa ungali unapampu. Andika kwenye karatasi ya maelekezo: chupa zote ziwe za kampuni moja, saizi moja, na kizibo kimoja kiingie kwenye zote.

Kagua kila chupa kwenye mwanga. Mkunjo mweupe, mkwaruzo unaoshika ukucha, au kitako kilichobonyea, weka pembeni. Itafaa kwa fulana au pua. Usiioshe kwa maji ya moto, kwani plastiki hiyo hulainika ikikaribia nyuzi 70 na chupa hupoteza umbo. Usiioshe pia kwa sabuni kali. Sabuni ina alkali, na alkali huleta nyufa ndogo kwenye kitako, mahali ambapo plastiki tayari imekazwa. Maji baridi na mchanga laini kidogo vinatosha.

Kuunganisha chupa

Kila kiungo kinashika kitako cha chupa ya chini na kizibo cha chupa ya juu. Toboa katikati ya kitako tundu la milimita 12. Kitovu hicho ni kinene na hakipasuki kirahisi, lakini keekee ya mbao huchana. Tumia msumari uliopashwa moto kuanzia, kisha panua polepole kwa faili la mviringo hadi boliti ipite kwa kubana kidogo. Toboa kizibo vivyo hivyo.

Boliti huingilia mdomoni. Ivalishe washa ya chuma kisha mpira, pitisha waya mwembamba kwenye tundu lake, na uivute kutoka ndani hadi ncha ijitokeze kitakoni. Nje ya kitako weka mpira mwingine, halafu kizibo mgongo ukielekea kitako, halafu ndani ya kizibo mpira, washa na nati. Kaza kwa spana ya boksi huku mwenzako akizuia kichwa cha boliti kwa mti uliochongwa bapa. Kaza mpaka mpira uanze kutokeza pembeni, uishie hapo. Ukizidisha, kitako kinajikunja na kuvuja zaidi, na watu hukaza tena wakidhani hawajakaza vya kutosha.

Kwa nini tundu la milimita 7 na si 4? Maji hutoka ndani ya sehemu ya tano ya sekunde. Katika muda huo upepo wa chupa za juu lazima uteremke kusukuma maji ya chupa ya chini. Tundu likiwa dogo, chupa ya chini inaishiwa presha wakati zile za juu bado zimejaa, na roketi inapanda kwa kusuasua. Tundu kubwa zaidi ya 7 nalo linaacha ukuta mwembamba mno kwenye nyuzi za boliti.

Viungo viwili vikishakazwa, roketi bado inayumba kama fimbo iliyovunjika. Kata miili ya chupa ya nne na ya sita, kila mmoja utoe silinda moja ya sentimita 14. Hizi ndizo fulana. Ya juu, inayofunika kiungo cha chupa ya pili na ya tatu, ibandike moja kwa moja kwa solotepu. Ya chini ibandike kwenye chupa ya pili tu, ili iteleze juu ya kitako cha chupa ya kwanza. Kiungo hiki lazima kifunguke uwanjani, maana maji humiminwa kupitia tundu la boliti yake.

Pima kwa maji kabla ya upepo

Sehemu hii haina njia ya mkato. Jaza chupa zote tatu maji hadi juu kabisa, unganisha na kirushio, zilaze nyuma ya ukuta au ndani ya shimo, kisha pampu hadi bar 7.5 (takriban psi 110) na uache dakika tano. Maji hayabanwi, chupa ikipasuka ikiwa imejaa maji, inachanika na kumwagika tu. Ikiwa na upepo ni habari nyingine. Roketi hii ikiwa tayari kuruka kwa bar 5 (psi 73) inabeba zaidi ya jouli 1,400, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukianguka kutoka mita 3.

Chupa mpya isiyo na kasoro huvumilia presha hata ya bar 10, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Sisi tunasema bar 5 iwe mwisho, na seti iandike hivyo kwa herufi nene. Boliti, kebo tai na mapezi vimepimwa kwa hiyo, na chupa huchoka kila inapotumika.

Kutafuta uvujaji, izamishe kwenye beseni kubwa ikiwa na bar 1 tu na utazame mapovu. Povu la sabuni ni rahisi zaidi, lakini sababu ya kutolitumia tumeshaitaja.

Kirushio

Bomba la chuma la nusu inchi lina mduara wa nje wa milimita 21.3 hivi, na lingine hufika 21.7. Nenda dukani na chupa mkononi. Chagua linaloingia bila kulazimishwa. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme linafanana kwa saizi, ila halikutengenezwa kwa presha na likipasuka hurusha vipande vikali. Usilikubali hata ukiambiwa ni lile lile.

Mpe fundi wa kukereza vipimo hivi: mfereji wenye upana wa milimita 3 na kina cha 1.7, oringi yenye unene wa 2.4. Oringi ikikaa humo inatokeza kiasi cha nusu milimita kila upande zaidi ya mdomo wa chupa, na huko kubanwa ndiko kunakozuia upepo. Mfereji wa kina cha 2 unavujisha; wa 1.3 unaifanya chupa isiingie, na mtu akiilazimisha oringi inakatika. Ukingo wa juu wa bomba upigwe msasa uwe mviringo. Lainisha oringi kwa maji matupu.

Juu ya mfereji bomba libaki na sentimita 26 zinazoingia ndani ya chupa ya kwanza. Kipande hiki kinafanya kazi tatu: kinaiongoza roketi katika hatua yake ya kwanza, kinaisukuma kabla tone la maji halijatoka, na kinapima maji.

Panga kebo tai nane kuzunguka bomba, vichwa vikiwa juu, na uzibane chini kwa klipu ya skrubu. Vichwa vikae juu ya kola ya shingo chupa inapokuwa imekaa chini kabisa. Kipande cha bomba la taka la milimita 50, urefu wa sentimita 6, kinateleza juu ya vichwa na kuvizuia visifunguke. Ukikivuta chini kwa kamba, vichwa vinapanuka na roketi inaondoka. Kwa bar 5, nguvu inayotaka kuchomoa chupa ni nyutoni 185, kama kilo 19, kwa hiyo kipande kinabana. Kipake nta ya nyuki ndani, ambayo Tabora haikosekani. Kamba mbili, moja kila upande, ziungane kuwa moja. Kamba ya upande mmoja hukipindisha kipande, kinakwama nusu njia, na mtu hujikuta akitamani kusogea kukigonga kwa mkono. Asisogee. Kwanza upepo utolewe kwa koki.

Koki hiyo ikae upande wa mpampuji, mita 10 kutoka kwenye roketi, pamoja na valvu ya kuzuia upepo kurudi kwenye pampu. Kitako cha kirushio kiwe mbao ya sentimita 60 kwa 60, ikipigiliwa chini kwa vigingi vinne vya nondo.

Mapezi na uthabiti

Mapezi matatu yanatosha. Patani yetu: upande unaogusa mwili milimita 160, ukingo wa nje 90, kutokeza 110. Plaiwudi ya milimita 3 ni imara lakini nzito, na uzito wa mkiani ni adui. Plastiki ya mabango yenye mifereji ndani ni bora: mapezi matatu hayafiki gramu 40, nayo hukunjika badala ya kuvunjika. Mifereji ielekee nje kutoka mwilini, siyo kufuata urefu wa roketi, vinginevyo pezi linapepea.

Usibandike pezi moja kwa moja kwenye chupa yenye presha. Chupa hunenepa ikijazwa upepo, na gundi ngumu hubanduka. Supaglu nayo hukausha plastiki na kuiletea mipasuko. Bandika mapezi kwenye fulana ya tatu, iliyokatwa kwenye chupa ya saba, kisha uivalishe chupa ya kwanza na uishike kwa solotepu juu na chini. Pezi likivunjika unabadilisha fulana, si chupa. Hakikisha hakuna pezi linaloshuka chini ya kola ya shingo, litagonga kirushio.

Sasa uthabiti. Roketi kamili, bila maji lakini na parachuti na betri ndani, iweke juu ya ncha ya rula mpaka isimame sawa, weka alama. Hicho ni kitovu cha uzito. Kisha chora umbo lake la ubavuni kwenye karatasi ngumu kwa kipimo cha moja kwa tano, ukate, utafute mahali umbo hilo linaposimama sawa kwenye rula. Hicho ni kitovu cha upepo, kwa makadirio ya tahadhari. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, kuelekea puani, kwa angalau upana mmoja wa mwili: milimita 110. Ukipata chini ya hapo, ongeza uzito puani. Kwa boliti za chuma, roketi hii huwa inahitaji gramu 60 hadi 120. Kifuko cha mchanga kilichofungwa vizuri kinatosha. Ukizidi mara tatu ya upana, itageukia upepo na kulala kuelekea unakotokea.

Wengine huongeza mapezi badala ya mchanga. Mapezi makubwa yanaleta uzito nyuma na upepo zaidi, na mara nyingi unabaki pale pale.

Hakikisha kwa kamba: ifunge kwenye kitovu cha uzito, izungushe kichwani kwa kamba ya mita 3. Pua ikitangulia muda wote, sawa. Ikizunguka kimkia, rudi kwenye mchanga.

Parachuti

Roketi tupu ina kama gramu 700. Ili ishuke kwa mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo chupa inaweza kuistahimili, inahitaji parachuti ya mduara wa sentimita 95. Tabora iko kwenye uwanda wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Parachuti ya sentimita 90 iliyopigiwa hesabu Dar es Salaam huku itashusha roketi kwa kasi zaidi. Kigoma mjini, kando ya Ziwa Tanganyika lenye usawa wa mita 773, sentimita 93 zinatosha, lakini seti moja ya sentimita 95 inafaa kote.

Kitambaa cha mwavuli uliovunjika ni kizuri: chepesi, hakipitishi upepo sana, na tayari kimeshonwa. Mwavuli mkubwa hufikia saizi hiyo bila kukatwa. Funga kamba nane za nailoni, kila moja mita 1, pale kitambaa kilipokuwa kimeshikwa na vyuma, na acha tundu la sentimita 6 juu katikati. Bila hilo inayumba kama jahazi. Kamba zote ziishie kwenye kizungushio cha ndoano ya samaki, kisha kamba ya mshtuko ya nailoni ya milimita 4 yenye urefu wa mita 4, mara tatu ya roketi. Kamba fupi ndiyo inayong'oa pua: parachuti inafunguka ghafla na nguvu yote inaenda kwenye solotepu. Ifunge kwenye shingo ya chupa ya tano, ile isiyo na presha inayobeba pua, wala isifungwe kwenye fulana.

Chupa hiyo ya tano ndiyo chumba cha parachuti. Kata mlango ubavuni, sentimita 18 kwa 12, bawaba ikiwa solotepu. Sponji la godoro lililobanwa nyuma ya parachuti ndilo linaloisukuma nje, na rababendi inayozunguka mwili inashikiliwa na mkono wa seva. Seva ikigeuka, rababendi inaachia, sponji linatanuka, mlango unafunguka. Ncha ya pua iwe sponji pia, si plastiki ngumu.

Muda ni suala la hesabu. Kwa gramu 700, lita 1.7 za maji na bar 5, roketi inapanda mita 60 hadi 75 na kufika kileleni baada ya sekunde 3.5 hivi. Weka bodi ifungue kwenye 3.7. Kufungua mapema roketi ikiwa bado na kasi kunachana kitambaa. Kuchelewa nusu sekunde hakuleti madhara makubwa.

Ishara ya kuanza kuhesabu tunapendekeza waya wa kukatika: waya mwembamba kutoka kwenye bodi hadi kwenye kigingi, ambao roketi inaunyofoa ikiondoka. Vipima kasi na vipima presha ya hewa ni vizuri na vinavutia, lakini kitu cha kwanza kinachoshindwa kwenye seti za namna hiyo ni programu kuchanganya pigo la upepo na kuruka. Waya hauna mkanganyiko. Bodi ya Arduino Nano, seva ya gramu 9 na betri nne za AAA zinatosha. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya chanya na hasi karibu na seva. Bila hiyo seva inapoanza kugeuka hunyonya umeme, bodi inazima na kuwaka upya, na hesabu inaanza sifuri roketi ikiwa inaanguka. Betri zifungwe kwa solotepu ndani ya kibebeo chake: msukumo wa mara kumi na tano ya uzito unazing'oa zile zinazoshikwa na springi tu.

Uwanja na siku ya kurusha

Majaruba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kuanzia Julai hadi Septemba, ni uwanja mzuri kuliko wa mpira: mapana, hayana nyaya za umeme, na udongo wake ukikauka haurudishi matope kwenye viungo. Tafuta eneo wazi la mita 200 kwa 200, mbali na miembe; parachuti ikishika juu ya mwembe mzee wa Tabora, mtu atataka kuupanda. Usirushe upande wa uwanja wa ndege wala kwenye njia zake, omba ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ofisi ya kijiji au mtaa ijue siku na saa.

Rusha asubuhi kabla upepo haujaamka. Majani na vijitawi vikitikisika muda wote, upepo uko kwenye mita 3 hadi 5 kwa sekunde na roketi inaweza kupeperuka mita 60 au zaidi. Vumbi na makaratasi yakianza kuinuka, funga vitu mrudi nyumbani.

Mpangilio wa kurusha ni huu:

1. Kalisha chupa ya kwanza tupu kwenye kirushio, pandisha kipande cha kufunga, koki ikiwa wazi.
2. Kwa fanili nyembamba mimina maji kupitia tundu la boliti lililo juu ya chupa. Hewa inatokea kwenye bomba. Maji yakianza kutoka kwenye koki, bomba limezama, simama hapo. Ni kama lita 1.7 na hakuna haja ya kupima.
3. Subiri mpira wa upepo uishe maji, kisha skrubu chupa ya pili na ya tatu kwenye kizibo, teremsha fulana, zungushia solotepu.
4. Kunja parachuti, funga mlango, washa bodi, funga waya kwenye kigingi. Hakikisha seva imejifunga.
5. Watazamaji warudi mita 30, mpampuji mita 10, na kila aliye ndani ya mita 30 avae miwani ya kinga.
6. Funga koki, pampu. Kwa pampu ya mkono ni mipigo 80 hadi 120. Geji ikifika psi 73, acha.
7. Hesabu kwa sauti kutoka tano, vuta kamba kwa mkupuo mmoja.

Ukivuta isipotoka, fungua koki, subiri geji isome sifuri, ndipo usogee. Hakuna ubaguzi hapa, hata kwa fundi aliyeitengeneza.

Maji yakimwagika roketi ikiwa bado haijaondoka, oringi imekatika. Ikipanda ikazunguka kama feni, pezi moja limekaa mshazari. Ikipanda mita 10 na kugeuka, mchanga puani hautoshi au kifuko kimehama. Mlango ukifunguka wakati wa kuondoka, rababendi ni laini mno. Ongeza ya pili.

Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila chupa idadi ya safari zake. Ikifika kumi, iondoe, hata kama inaonekana mpya. Iliyoanguka bila parachuti haingoji kumi. Seti ikihifadhiwa, itenganishwe viungo na kuwekwa kivulini; chupa iliyoachwa juani juu ya bati la Oktoba hulainika na kufifia nguvu bila kuonyesha dalili, na haitakuambia mpaka siku ya kupima kwa maji.